Watu wa Mwanza, Kisumu si mji wa kupita tu. Tengeni siku nzima

Mkazi wa Igogo

Wakuu, heshima kwenu.

Mtu wa Mwanza akisema anakwenda Kenya, ujue anakwenda Nairobi. Mzigo Nairobi, hospitali Nairobi, harusi ya binamu Nairobi. Kisumu tunaichungulia dirishani, tukishuka ni kuchimba dawa na kununua maji. Juzi nimekaa kule siku nzima bila shughuli yoyote, kwa makusudi, na nimerudi nikiamini kwamba tunajinyima. Ni nchi ya watu, pesa ni ngeni na lugha ya mtaani ni ngeni, lakini ziwa ni hili hili la Victoria tunaloliona kila siku pale kivukoni Kamanga. Naomba nieleze siku yenyewe ilivyokwenda, wenyeji na wazoefu mtaongezea.

Nilifika Jumamosi jioni, nikala, nikalala. Jumapili asubuhi nikatoka kwa miguu. Nilianza na chai ya maziwa, ile inayochemshwa yote kwa pamoja sufuriani, na mandazi yaliyotoka kwenye mafuta muda huo. Kule ukisema chai, unaletewa ya maziwa. Anayetaka ya rangi aseme mapema.

Mtaa wa Oginga Odinga saa hizo una maduka machache yaliyofunguliwa, na ndiyo saa nzuri ya kuutembea, kwa sababu unayaona majengo yenyewe badala ya bidhaa zilizotandazwa mbele yake. Ghorofa moja moja za wafanyabiashara wa Kihindi, baraza pana chini, madirisha ya mbao juu. Anayeujua mtaa wa Rufiji hapa kwetu hatajisikia mgeni. Katikati kuna mnara wa saa, ambao wana wa Kassim Lakha waliujenga kumkumbuka baba yao, ukazinduliwa mwaka 1938. Simameni pale msome kibao. Watu wanapita chini yake kila siku kama hawauoni.

Kisha nikashuka upande wa stesheni na bandari. Hapa ndipo siku yangu ilipobadilika, nami nitakaa hapa kidogo.

Reli kutoka Mombasa ilifika hapo Desemba 1901. Mji ulikuwa ukiitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia ulazaji wa reli. Sasa iwazeni Mwanza ya wakati ule. Reli yetu ya kutoka Tabora ilifika mwaka 1928. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, ngozi, karanga na pamba ya Usukuma vilipakiwa melini Mwanza, vikavuka ziwa mpaka Kisumu, ndipo vikapanda treni kwenda baharini. Babu zetu waliolima pamba Magu na Kwimba, jasho lao lilipita pale. Bandarini huingii ovyo, ni eneo la kazi na lina walinzi, lakini hata ukisimama nje ukaona reli zinavyokwenda kuishia majini, unaelewa kwa nini mji huu ulijengwa hapa na si kwingine. Nilisimama muda mrefu. Shuleni tulisoma habari za reli ya Uganda, ndiyo hii ya kutoka Mombasa, lakini sikumbuki mwalimu akituambia kwamba ilikuwa reli yetu pia.

Kutoka hapo nilipita soko la Kibuye. Jumapili ndiyo siku yake kubwa. Nguo, vyungu, vitanda vya mbao, mafundi wa bati wanagonga, kuku wamefungwa miguu. Mpenda soko atamaliza nusu siku. Mimi nilinunua kofia nikaondoka.

Makumbusho ya Kisumu yalifunguliwa mwaka 1980, na kitu cha kuyaendea ni boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi, wanaliita Ber-gi-dala. Nyumba ya mke mkubwa iko juu, imetazamana na lango. Za wake wadogo ziko pembeni, za vijana wa kiume ziko karibu na lango, ghala za nafaka ndani. Ukisimama langoni unasoma familia nzima kabla hujaambiwa neno: nani alitangulia, nani amekua, nani bado analala kwa mama. Kuna pia nyoka na samaki wa ziwani kwenye vioo, watoto watafurahi. Hifadhi ndogo ya swala iliyo ufukweni, Impala Sanctuary, niliipita haraka. Ni nzuri kwa matembezi ya kivuli, na swala wako karibu kabisa na njia.

Halafu Dunga. Wakuu, ndiyo sababu hasa ya huu uzi.

Dunga ni mwalo, kusini kidogo ya mji. Mitumbwi imepandishwa, nyavu zimeanikwa, kina mama wana mabeseni, na pembeni kuna vibanda vya kulia. Hakuna haja ya kusoma bei ukutani. Unaonyeshwa samaki wabichi, unachagua wako, mnapatana kwa ukubwa wake. Sato wanamwita ngege, sangara ni mbuta. Nilichagua ngege wa kutosha mtu mwenye njaa. Mama akamparua magamba, akamkata chale tatu kila upande, chumvi ikaingia mpaka ndani, kisha akamtumbukiza kwenye karai la mafuta na kumwacha bila kumgusagusa. Alipomgeuza, mapezi yalikuwa yamekauka mpaka yanavunjika. Nilidhani amemaliza. Hapana. Akamwaga mafuta, akabakiza kidogo, akaweka vitunguu na nyanya nyingi, akamrudisha samaki ndani, akafunika. Rosti ile ilichukua muda wake na hakuna aliyeharakisha.

Sahani ikaja na samaki mzima, kichwa chake kipo, ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, na mnavu uliopikwa kwa maziwa. Mnavu ule ndio sijausahau. Kwetu wengi tunauchemsha na kumwaga maji mpaka uchungu wote unaisha. Wao wanauachia uchungu wa mbali, maziwa yanaupooza, na unakaa vizuri sana na samaki mwenye mafuta. Maji ya kunawa yaliletwa kwenye birika, uma hakuna aliyeuliza. Nilikula taratibu, nikavunja kichwa, nikafyonza macho, nikaagiza ugali tena.

Baada ya hapo kuna njia ya mbao inayopita katikati ya mafunjo. Lipeni kiingilio, chukueni kijana wa hapo awaongoze, anavijua vitu. Alinionyesha ndege mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, utosi wa manjano, ambaye makazi yake ni kwenye mafunjo. Mafunjo yakifyekwa, naye hana pa kwenda. Kijana alieleza bila kusoma popote, na ilionekana wazi kwamba anajali.

Jua nilikwenda kulisubiri Hippo Point, si mbali na hapo. Viboko sikuwaona. Jua nililiona, na watu wa Kisumu waliokuja na watoto wao kulitazama tu, bila sherehe, Jumapili jioni.

Karibuni kwa michango.

Jabali la Kirumba

Mkuu umeandika vizuri, ila mimi nina pingamizi. Nimefika Kisumu. Maji ni ya udongo na gugumaji limejaa mpaka mtumbwi haupiti. Mtu anatoka Mwanza kwenye mawe na maji unayoona mchanga chini, aende kutalii kwenye tope? Kisiwa cha Saanane kipo hapa hapa, dakika chache kwa boti. Tuanze na kwetu.

Mkazi wa Igogo

Jabali, pingamizi lako nalipokea, na gugumaji ni kweli kabisa. Kuna siku upepo unalileta lote upande wa mji na ziwa linageuka shamba. Lakini tuwe na haki. Kisumu iko ndani kabisa ya ghuba ya Winam, ambayo ni nyembamba, kina chake ni kifupi, na mito kama Nyando na Sondu inamwaga udongo humo. Maji yakiingia hayatoki upesi. Sisi tuna miamba na ziwa pana mbele yetu. Gugumaji tunalijua hata sisi, halina pasipoti. Mimi sikwenda kuona maji safi. Nilikwenda kuona wenzetu wanaishije na ziwa hili hili kwa upande wao, na kula.

Kuhusu kuanza na kwetu, nakubaliana nawe. Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na kuna watu wamezaliwa Nyamagana hawajawahi kukanyaga. Hao nao wana uzi wao.

Baharia Mstaafu

Vijana, naomba niongeze jambo kuhusu bandari, kwa kuwa nimefanya kazi majini.

Ile MV Victoria mnayopanda kwenda Bukoba, iliyokarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2020, ilitengenezwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari mpaka Mombasa, ikapanda treni, na kuungwa upya hapo Kisumu. Ilianza safari mwaka 1961. Hakukuwa na njia nyingine, meli kubwa haipiti mtoni kuja huku. Kwa hiyo kila mtu wa Mwanza na Bukoba aliyewahi kulala kwenye meli ile, amelalia kazi ya mikono ya mafundi wa Kisumu.

Enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizunguka ziwa zima: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, inarudi Kisumu. Mtu alipanda Mwanza na godoro lake, akashuka Kenya. Jumuiya ikavunjika 1977, mpaka ukafungwa mpaka 1983, meli zikagawanywa na Victoria ikabaki kwetu. Familia zilikatika pale katikati. Nawajua watu waliokuwa na dada upande wa pili na miaka ikapita hawajaonana.

Mkazi wa Igogo, uliposema ulisimama muda mrefu nje ya bandari, nimekuelewa sana.

Mkazi wa Igogo

Shikamoo mzee wangu. Hili la Victoria kuungwa kule ningelijua kabla, nisingeondoka pale mapema. Asante sana.

Baharia Mstaafu

Marahaba. Ukirudi, tafuta wazee wa karakana ya meli. Waliobaki ni wachache, na wanapenda kuulizwa.

Mama Dagaa

Mimi nimefurahia mambo ya chakula. Naomba kuuliza. Nina watoto wawili, wa shule ya msingi, nataka kuwapeleka likizo. Je, mpakani kuna usumbufu? Na hao samaki wa Dunga watoto watakula, au ni pilipili tupu? Halafu nilisikia kule nao wanakula mapanki. Ni kweli, au ni sisi tu wa huku karibu na viwanda?

Rorya Damu

Mama Dagaa, mimi ni wa Rorya, mpaka huu nauvuka tangu mtoto, ndugu zangu wako pande zote mbili.

Ingieni kwa Sirari. Siku hizi Uhamiaji wa Tanzania na wa Kenya wanakaa jengo moja, unagongwa muhuri mara mbili kwa foleni ile ile. Kila mtu awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na watoto nao wawe na za kwao, msitegemee cheti cha kuzaliwa peke yake. Bebeni kadi za chanjo ya homa ya manjano, huulizwa. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, Kenya waliipiga marufuku tangu 2017 na hawana mchezo. Pesa badilisheni benki au kwenye duka lenye leseni. Wale vijana wanaokufuata na mabulungutu mkononi waambieni asante tu mpite.

Ukishavuka unapata matatu Isebania. Njia ni Migori, Rongo, Kisii, kisha mnashuka kuelekea ziwani. Kutoka Kisii kushuka, mwone watoto wasilale, kuna mandhari.

Jingine: sehemu za hifadhi za wanyama za serikali ya Kenya hawapokei pesa taslimu, wanalipisha kwa mtandao. Kama huna laini ya huko wala kadi ya benki, utakwama getini na watoto wanalia. Shughulikia hilo kabla.

Mkazi wa Igogo

Asante Rorya, umemaliza. Mama, kuhusu pilipili, haiwekwi kwenye samaki. Inaletwa pembeni kwenye kachumbari na unaweza kukataa. Waagizie watoto samaki mkavu wa kukaanga, rosti ina miba inayojificha kwenye mchuzi. Na ugali wa mahindi upo kwa asiyetaka wa mtama.

Jakisumo

Nawasalimu ndugu zetu wa Tanzania. Mimi ni mzaliwa wa Kisumu, nimesoma huu uzi mwanzo mpaka mwisho na nimeguswa. Ni nadra mtu kuja kwetu kama mtalii, wageni wengi wanakuja kwa semina na wanarudi uwanja wa ndege.

Mama Dagaa, mapanki tunayo, tunaita mgongo wazi. Yanatoka viwanda vya samaki, minofu imeshakatwa kwenda nje, kinachobaki ni kichwa na mgongo. Yanakaangwa na kuuzwa, na mtaa wa Obunga unajulikana kwa biashara hiyo. Kina mama wengi wamesomesha watoto kwa mgongo wazi. Lakini nikiwa mkweli, inaniuma kwamba tuko kando ya ziwa na wengi wetu mnofu tunausikia tu.

Mkazi wa Igogo, siku yako ilikuwa nzuri, ila naongeza mambo mawili. Kwanza, nyinyi watu wa mawe mlipaswa kuletwa Kit Mikayi. Ni miamba iliyopandana, mirefu kama mita arobaini, iko njia ya Bondo. Jina ni jiwe la mke wa kwanza. Wazee wanasimulia kuwa mzee mmoja aliipenda ile miamba, alikuwa anakwenda kushinda kwenye pango lake kila siku, mkewe anampelekea chakula huko. Watu wakimwuliza mama mumewe yuko wapi, anajibu amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Mpaka leo watu wanakwenda pale kuomba na kufunga, kwa hiyo ukifika punguza sauti.

Pili, ukitembea mjini kumbuka jina la Grace Onyango. Alikuwa meya wa Kisumu miaka ya sitini, na mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Kenya, kwa tiketi ya mji huu huu. Wageni wanatajiwa akina Odinga peke yao. Mama huyu naye atajwe.

Sasa na mimi niulize. Nikija Mwanza kwa siku moja, bila haraka, nifanye nini?

Jabali la Kirumba

Jakisumo karibu sana, na maneno yangu ya tope yasikukwaze, nilikuwa natetea kwetu. Habari ya Kit Mikayi imenivuta, nitakuja kuiona.

Ukija Mwanza, anza Kamanga asubuhi uone Jiwe la Bismarck likiwa limesimama majini kabla jua halijawa kali. Panda boti kwenda Saanane, tembea juu ya mawe mpaka kileleni, pimbi watakutazama tu. Ukirudi nenda mwalo wa Kirumba uone dagaa wanavyofungashwa, mzigo unaokwenda mpaka Kongo. Mchana kula sato, lakini omba ugali wa udaga na mlenda, usikubali chipsi. Kama muda upo, chukua gari ya njia ya Musoma ushuke Kisesa, uende Bujora. Ni makumbusho ya Wasukuma, aliyeyaanzisha ni padri Mkanada, David Clement, na kanisa lake limejengwa kwa umbo la nyumba ya mtemi. Ukija Juni wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma ya Wasukuma, utakuta ngoma za Bagika na Bagalu zinashindana, na hutataka kuondoka. Jioni panda Capri Point.

Na kama una siku ya pili, nenda Kigongo. Daraja la kwenda Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji. Tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko pale saa na saa, tena na wagonjwa.

Jakisumo

Erokamano, yaani asante, kaka. Nakuja na familia.

Mama Dagaa

Jakisumo, kaka yangu, swali la mwisho nisije nikapotea na watoto wa watu. Kutoka mjini kwenda hiyo Kit Mikayi napandia wapi, na inawezekana siku moja na Dunga?

Jakisumo

Inawezekana, mama. Anza na Kit Mikayi asubuhi na mapema kabla ya joto. Nenda stendi kuu, uliza matatu za Bondo, mwambie kondakta akushushe Kit Mikayi, hapo barabarani pana kibao. Kutoka lami ni mwendo mfupi, na pikipiki zipo kama watoto wamechoka. Pale mapokezi mnalipa, mnapewa mwongozaji, na watoto wavae viatu vilivyofungwa, si ndala, kwa sababu mnapita katikati ya mawe. Saa saba mchana mtakuwa mmerudi mjini. Chukueni tuktuk, ambayo nyinyi mnaiita bajaji, moja kwa moja mpaka Dunga, na patana nauli kabla hujaketi. Wahini kabla ya saa tisa, samaki wakubwa wanaisha.

Makumbusho fanyeni siku inayofuata.